Kosa Linalozaliwa na Sahihisho: Matatizo ya Kuhariri Andiko na Utatuzi Wake

Kosa la kwanza katika andiko huletwa na mwandishi. La pili, aghalabu, huletwa na yule aliyekuja kulisahihisha la kwanza. Neno moja hubadilishwa, na sentensi iliyobaki ikaachwa kama ilivyokuwa. Mstari mmoja hufutwa, na kiwakilishi kilichoutegemea kikabaki hakina mwenyewe. Kosa la namna hii ni gumu kuliona kuliko la kwanza, kwa kuwa mhariri amekwisha kuridhika kwamba mahali pale pameshughulikiwa, wala harudi kupatazama tena.

Makala haya yanaeleza matatizo yanayotokea mara kwa mara wakati wa kuhariri andiko la Kiswahili lililokwisha kuandikwa, chanzo cha kila tatizo na namna ya kuliondoa. Mifano mingi inatoka Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Huko kilimo cha kahawa kinafuatana na mihtasari ya vyama vya wakulima, majina ya maeneo ya utawala yamebadilika katika miaka ya karibuni, na maneno ya lugha za wenyeji huingia katika maandishi ya Kiswahili kila siku. Matatizo yanayoelezwa hapa hukutana yote katika mazingira hayo.

Kuhariri, kusahihisha, kurekebisha, kuhakiki

Vitenzi hivi vinne hutumiwa kana kwamba ni kimoja, ilhali kila kimoja kina eneo lake.

Kusahihisha ni kuondoa kosa ili kilichoandikwa kiwe sahihi. Mwalimu husahihisha mitihani. Msomaji wa prufu husahihisha tahajia. Kurekebisha ni kuweka sawa jambo lolote lililokwenda upande, liwe andiko, mashine au tabia. Kuhakiki kuna matumizi mawili: katika fasihi ni kuchambua na kupima kazi ya sanaa, katika ofisi ni kuthibitisha kwamba kilichoandikwa ni kweli, kama vile kuhakiki orodha ya wanachama. Kuhariri ni kupana kuliko yote. Ni kuliandaa andiko lifae kusomwa au kuchapishwa: kupunguza, kuongeza, kupanga upya, kusahihisha na kurekebisha. Kitenzi hiki kina asili ya Kiarabu, nacho kinahusiana na nomino tahariri na mhariri. Kisichanganywe na nomino hariri, ambayo ni kitambaa laini kinachotokana na nyuzi za nondo.

Tofauti hii ina manufaa ya kikazi. Mtu aliyeombwa kusahihisha muhtasari hana ruhusa ya kuufupisha. Aliyeombwa kuuhakiki anatakiwa kurudi kwenye vitabu vya hesabu, si kwenye kamusi. Migogoro mingi kati ya waandishi na wahariri ingeepukwa laiti kitenzi kingekubaliwa kabla ya kazi kuanza.

Andiko la mfano

Kifungu kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya maelezo haya. Kichukuliwe kuwa ni sehemu ya muhtasari wa mkutano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa:

“Mkutano wa wanachama ulifanyika katika Kata ya Namswea. Katibu aliwaeleza wajumbe kuwa kila mkulima amelipwa malipo ya awali. Kahawa iliyopimwa Jumatatu imehifadhiwa ghalani, nayo itasafirishwa baada ya hesabu yake kukamilika. Mtunza ghala alisoma orodha ya magunia. Mpimaji alikiri kuwa magunia mawili hayakuandikwa. Huyo alipewa siku saba za kuleta maelezo ya maandishi.”

Kifungu hiki hakina kosa la sarufi. Sasa kitafanyiwa mabadiliko madogo, moja baada ya jingine, ya aina ambayo mhariri yeyote hufanya bila kusita.

Tatizo la kwanza: upatanisho unaokatika

Mhariri anaona kwamba ghalani hamkuwa na kahawa peke yake, bali pia vifaa vyake. Anafuta neno kahawa na kuandika mzigo. Sentensi inakuwa: “Mzigo iliyopimwa Jumatatu imehifadhiwa ghalani, nayo itasafirishwa…”

Neno moja tu limebadilika, lakini sentensi nzima imeharibika. Kahawa ni nomino ya ngeli ya I-ZI. Mzigo ni ya ngeli ya U-I. Kila kiambishi kilichopatana na kahawa sharti kibadilike: iliyopimwa iwe uliopimwa, imehifadhiwa iwe umehifadhiwa, nayo iwe nao, itasafirishwa iwe utasafirishwa. Badiliko moja limedai mengine manne: “Mzigo uliopimwa Jumatatu umehifadhiwa ghalani, nao utasafirishwa baada ya hesabu yake kukamilika.”

Neno yake halikubadilika. Mhariri mwenye haraka huandika hesabu wake, akidhani kwamba kimilikishi kinapatana na mzigo. Kimilikishi hupatana na kitu kinachomilikiwa, yaani hesabu, si na mwenye kumiliki. Kwa hiyo mhariri anaweza kukosea kwa njia mbili: kuacha kinachopaswa kubadilika, na kubadilisha kinachopaswa kuachwa.

Hatari huzidi pale ngeli mbili zinapofanana kwa sehemu. Kama mhariri angeweka mazao badala ya kahawa, angepata yaliyopimwa, yamehifadhiwa na yatasafirishwa, ila nayo ingebaki vilevile, kwa kuwa umbo hilo hutumika katika ngeli zote mbili. Jicho likikuta umbo moja lililo sahihi huamini kwamba na mengine ni sahihi.

Majina ya viumbe nayo hutega. Katika mwambao wa Nyasa samaki wadogo jamii ya dagaa huitwa usipa. Neno hilo linaanza na u-, na mhariri asiyelifahamu huweza kuandika “usipa uliovuliwa usiku” kwa kulinganisha na uji au ukuta. Kanuni ya Kiswahili sanifu ni kwamba jina la kiumbe chenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA bila kujali mwanzo wake, kama vile kiboko huyu na samaki hawa. Kwa hiyo “usipa waliovuliwa usiku” ndiyo sura inayofuata kanuni.

Utatuzi: baada ya kubadilisha nomino, mhariri atafute vitu vitano kwa mpangilio: vivumishi, vitenzi, virejeshi, viwakilishi na vimilikishi. Asiishie kwenye nukta. Mlolongo wa upatanisho huvuka mpaka wa sentensi, na nayo au hiyo iliyo katika aya inayofuata huweza kuwa inategemea nomino iliyokwisha kufutwa.

Tatizo la pili: ukanushi unaopotosha maana

Hapa kosa haligusi sarufi tu, linagusa haki ya mtu. Tuseme imebainika kwamba baadhi ya wakulima hawakupata malipo ya awali. Mhariri anarudi kwenye sentensi “kila mkulima amelipwa”, anakanusha kitenzi, na kupata: “kila mkulima hajalipwa”.

Sentensi hiyo inasomeka kwa urahisi kuwa hakuna hata mmoja aliyelipwa. Wale waliokwisha kupokea fedha zao wameandikwa kuwa wanadai, na chama kimeandikwa kuwa na deni kisilo nalo. Palipokuwa na taarifa yenye kasoro ndogo sasa pana taarifa ya uongo. Ukanushi unaoambatana na kila, -ote au yeyote haukamilishwi kwa kugeuza kitenzi peke yake. Kuna maana tatu, na kila moja ina sentensi yake:

Wamekosa baadhi: “Si kila mkulima amelipwa”, au kwa uwazi zaidi, “Baadhi ya wakulima hawajalipwa.”

Wamekosa wote: “Hakuna mkulima aliyelipwa.”

Amekosa mmoja anayejulikana: atajwe, au ielezwe namba yake katika orodha.

Jambo la pili ni wakati. Umbo la kukanusha la amelipwa ni hajalipwa. La alilipwa ni hakulipwa. Hajalipwa huonyesha kwamba jambo lililotarajiwa halijatokea hadi sasa, na mlango bado uko wazi. Hakulipwa hufunga habari katika wakati uliopita. Mkulima anayesoma “hajalipwa” huenda kuuliza tarehe ya malipo. Anayesoma “hakulipwa” huenda kuuliza sababu ya kunyimwa. Mhariri anayebadilisha moja kuwa lingine kwa ajili ya ulinganifu wa wakati katika aya amebadilisha hali ya deni bila kujua.

Jambo la tatu ni kirejeshi kikanushi. Mkulima aliyelipwa hubeba wakati uliopita ndani ya kiambishi -li-. Kikikanushwa kinakuwa mkulima asiyelipwa, na wakati unatoweka, kwa sababu kiambishi -si- katika urejeshi hakikai pamoja na kiambishi cha wakati. Asiyelipwa aweza kuwa yule ambaye halipwi kamwe, ambaye halipwi sasa, au ambaye hakulipwa msimu uliopita. Panapohitajika wakati, amba- hurudisha kilichopotea: mkulima ambaye hakulipwa, mkulima ambaye hajalipwa. Walimu wengi huwaonya wanafunzi dhidi ya kutumia amba- kupita kiasi, na onyo hilo ni la haki. Lakini hapa amba- inafanya kazi ambayo hakuna umbo jingine la kuifanya.

Tatizo la tatu: kiwakilishi kilichopoteza mwenyewe

Katika kifungu cha mfano, sentensi “Mpimaji alikiri kuwa magunia mawili hayakuandikwa” inahusu kumbukumbu za mizani. Mhariri anayetaka mpangilio mzuri anaihamishia kwenye sehemu ya taarifa ya mizani, ukurasa unaofuata. Uamuzi huo una mantiki. Ila sasa kifungu kinasomeka hivi: “Mtunza ghala alisoma orodha ya magunia. Huyo alipewa siku saba za kuleta maelezo ya maandishi.”

Huyo alikuwa mpimaji. Sasa ni mtunza ghala. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusoma orodha ameandikwa katika kumbukumbu za chama kuwa ndiye anayedaiwa maelezo, na hakuna neno hata moja katika sentensi yake lililoguswa. Kosa la aina hii haligunduliki kwa kusoma sentensi iliyohaririwa, kwani sentensi hiyo ni sahihi. Hugunduliwa kwa kuuliza: baada ya kuondoa mstari huu, ni maneno gani yaliyokuwa yakiutazama?

Kiswahili kina maneno mengi ya kutazama nyuma: huyo, hiyo, hapo, ndiye, ndipo, mwenyewe, na viambishi vya nafsi ndani ya kitenzi. Sentensi “Katibu alimweleza mwenyekiti kwamba atasafiri” haisemi nani atasafiri, kwa kuwa a- yaweza kumrejelea yeyote kati ya wawili hao. Muktadha ndio unaotoa jibu. Muktadha ukihaririwa, jibu linaondoka nao.

Utatuzi: kila mstari unapofutwa au kuhamishwa, mhariri asome sentensi mbili zilizoufuata, na mahali penye shaka arudishe jina. “Mpimaji alipewa siku saba” ni sentensi isiyo na mapambo, lakini haiwezi kumsingizia mtu mwingine.

Tatizo la nne: kutafuta na kubadilisha kwa kompyuta

Programu za kuandikia zina uwezo wa kutafuta neno na kulibadilisha mahali pote kwa mara moja. Katika lugha ambayo maneno yake hujengwa kwa viambishi, uwezo huo ni wembe.

Tuseme mhariri anataka kata iwe tarafa mahali pote. Kompyuta haifahamu maneno, inafahamu mfululizo wa herufi. Itapata kata ndani ya mkataba na kuandika mtarafaba. Ndani ya kukatazwa itaandika kutarafazwa. Na takataka itakuwa tatarafaka. Anayetaka kulinganisha tahajia ya neno ngoro, jina la kilimo cha mashimo cha Wamatengo, ili liandikwe ngolo, ajiandae kukuta Ngorongoro imegeuka Ngolongolo.

Suluhisho linalotajwa mara nyingi ni kuiamuru programu itafute neno zima tu. Agizo hilo huondoa tatizo moja na kuleta jingine. Neno zima mkulima halitampata wakulima, kwa kuwa nomino za Kiswahili hubadilika mwanzoni. Wala mto halitapata mtoni. Mhariri akitafuta shina lima ili apate maumbo yote, ataletewa pia mlima na milima, na katika andiko kuhusu Umatengo, nchi ya milima, hayo yatakuwa mengi.

Njia salama ni ya polepole: kutafuta kwa shina, kisha kukubali au kukataa kila badiliko moja moja, huku upatanisho ukirekebishwa papo hapo. Kitufe cha kubadilisha yote kitumike kwa jambo lisilo na viambishi tu, mathalani nafasi mbili zilizowekwa mahali pa moja.

Tatizo la tano: jina sahihi katika wakati usio wake

Mwaka 2012 Wilaya ya Nyasa iliundwa kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Mbinga, na makao yake makuu yakawa Mbamba Bay. Liuli, mji wa kando ya ziwa, ukawa katika wilaya mpya. Namswea ikabaki Mbinga. Maandiko mengi yalihitaji marekebisho, na hapo ndipo mtego ulipo.

Sentensi “Liuli iko katika Wilaya ya Mbinga” ilikuwa sahihi kabla ya 2012, nayo sasa inapaswa kusema Nyasa. Lakini sentensi “Mwaka 1990 Liuli ilikuwa katika Wilaya ya Mbinga” ni sahihi hata leo. Mhariri anayeibadilisha kwa nia ya kuihuisha anaiweka wilaya katika mwaka ambao haikuwapo. Hali kadhalika kwa anayenakili ramani za wakati wa utawala wa Wajerumani, ambamo Liuli iliandikwa Sphinxhafen: katika nukuu jina hilo hubaki, na jina la sasa huelezwa pembeni.

Jina Nyasa lenyewe lina mzigo wa ziada. Ni jina la ziwa na ni jina la wilaya. Ziwa hilo huitwa Malawi katika nchi jirani, ilhali Kiswahili cha Tanzania hutumia Ziwa Nyasa, na kwa kuwa mpaka ziwani una mabishano kati ya nchi hizo mbili, uchaguzi wa jina huweza kusomwa kama msimamo. Mfasiri anayebadilisha Nyasa kuwa Malawi mahali pote atajikuta na “Wilaya ya Malawi”, ambayo haipo, na iwapo andiko lilitaja Nyasaland, jina la kikoloni la nchi iliyopata uhuru na kuitwa Malawi mwaka 1964, atapata neno ambalo halikuwahi kutamkwa na mtu yeyote.

Utatuzi: kabla ya kubadilisha jina la mahali, mhariri aulize sentensi inazungumzia wakati gani, na kama maneno ni ya mwandishi au ni nukuu ya mwingine. Sentensi ya sasa huhuishwa. Ya kihistoria huachwa, na ikilazimu huongezewa maelezo mafupi kama vile “wakati huo ikiwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga”.

Tatizo la sita: mstari mwekundu na makosa usiyoyaona

Programu nyingi huchora mstari mwekundu chini ya neno zisilolitambua. Kwa Kiswahili ishara hii ni shahidi dhaifu. Kitenzi hawakutuandikia kimeundwa kwa kanuni, lakini kamusi haikiorodheshi kwa umbo hilo; kitaingizwa andika peke yake. Programu isiyojua kuvunja viambishi hulitia shaka umbo lililo sahihi kabisa. Mhariri mchanga akiutii mstari huo huanza kuyakwepa maumbo marefu, na Kiswahili chake kikawa cha vipande vipande.

Kinyume chake ni cha hatari zaidi. Neno lililoandikwa kimakosa likitokea kuwa neno jingine lililo sahihi, mstari hautokei. Kalamu na karamu, kura na kula, mahali na mahari, fahali na fahari: kila jozi ni maneno mawili halali. Lugha nyingi za Kibantu hazitofautishi l na r, na mwandishi ambaye lugha yake ya kwanza ni mojawapo ya hizo hukabili jozi kama hizi kila siku. Tangazo linalowaita wanachama “waje kula” badala ya “wapige kura” halitakamatwa na mashine.

Kuunganisha na kutenganisha maneno kuna madhara yaleyale. Mkulima wa kati ni mwenye shamba lisilo dogo wala kubwa; “mkulima wakati” haina maana, lakini maneno yote mawili yamo katika kamusi. Atakuja ni neno moja. “Ata kuja” ni kosa. Kwa sababu na kwa kuwa huandikwa kwa kuachanisha.

Utatuzi: mhariri awe na orodha yake mwenyewe ya jozi zinazomkosesha, aipitie baada ya kila kazi, kisha asome andiko kwa sauti au asomewe na mtu mwingine. Sikio hutambua lisilotambuliwa na jicho, isipokuwa pale ambapo matamshi ya msomaji nayo hayatofautishi sauti hizo. Hapo kamusi iwe mkononi.

Tatizo la saba: kusahihisha kisichokuwa kosa

Si kila neno geni kwa mhariri ni kosa. Neno ngolo hukutwa katika maandishi likiwa ngolo au ngoro. Kazi ya kwanza ya mhariri ni kuchagua tahajia moja na kuifuata hadi mwisho, isipokuwa ndani ya nukuu na katika majina ya machapisho. Kosa kubwa zaidi ni kuliondoa neno lenyewe na kuweka mashimo au matuta, kwa kudhani kwamba msomaji wa mbali ataelewa vizuri zaidi.

Hataelewa. Katika kilimo hicho, kinachofanywa kwenye miteremko mikali, nyasi hufyekwa na kulazwa katika mistari inayokatana hadi kufanya miraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya nyasi. Katikati hubaki shimo, na pande zote hubaki matuta ambayo hupandwa maharage au mahindi. Mvua inaponyesha, mashimo hushika maji yasiteremke na udongo, nazo nyasi zilizofukiwa huoza na kurutubisha ardhi. Ngolo ni shimo na tuta kwa pamoja, pamoja na kazi inayoviunganisha. Mhariri aliyeandika mashimo ameacha sehemu inayopandwa. Aliyeandika matuta ameacha sehemu inayoshika maji. Aliyeandika matuta ya ngazi ametaja kilimo kingine kabisa.

Vivyo hivyo kwa usipa. Kubadilisha usipa kuwa dagaa kunaweza kufaa katika tangazo la biashara linalosomwa mbali na ziwa, lakini katika andiko la uvuvi kunamfanya msomaji amdhanie dagaa wa Ziwa Victoria au wa Tanganyika, ambao ni samaki wa spishi nyingine.

Utatuzi: neno la mahali libaki, lielezwe mara moja linapotokea kwa mara ya kwanza, kisha litumiwe bila kubadilika. Kabla ya kulifuta, mhariri ajiulize kama Kiswahili sanifu kina neno lenye maana ileile, au kina neno lenye maana ya karibu tu. Ikiwa ni ya karibu, tofauti iliyobaki ndiyo sababu ya neno lile kuwapo.

Mpangilio wa kazi

Matatizo haya hupungua sana kazi inapofanywa kwa hatua. Kwanza, mhariri asome andiko lote bila kugusa kitu, ili ajue linasema nini. Pili, ashughulikie maudhui na mpangilio: kufuta, kuhamisha, kuongeza. Tatu, ashughulikie maana ya kila sentensi, hasa ukanushi, wakati na viwakilishi. Nne, afuate mlolongo wa upatanisho. Tano, tahajia na alama za uandishi. Anayeanza na tahajia husahihisha mistari atakayoifuta baadaye, na huandika mingine mipya ambayo hataisahihisha.

Nakala ya awali itunzwe. Kwa barua au makala, inatosha kuhifadhi kila toleo kwa tarehe yake. Kwa muhtasari wa mkutano sharti ni kali zaidi, kwa kuwa muhtasari ukisha kuthibitishwa na kutiwa saini si mali ya katibu tena. Sahihisho hupelekwa kikaoni, hukubaliwa na wajumbe, na huandikwa mahali panapoonekana, kabla ya kikao kuingia katika yatokanayo na mkutano uliopita. Neno lililokosewa hukatwa kwa mstari mmoja unaoliacha lisomeke, na si kufutwa. Kwa njia hiyo mkulima anayedai malipo yake, mpimaji anayedaiwa maelezo na mtunza ghala asiyedaiwa kitu wanaweza wote kuona kilichoandikwa kwanza, kilichobadilishwa, na aliyekibadilisha.

Kwa ufupi, mhariri aliyebadilisha neno moja hajamaliza mpaka asome sentensi lilimo, sentensi iliyotangulia na mbili zinazofuata. Muda unaotumika kwa usomaji huo ni mdogo kuliko ule wa kumweleza mtunza ghala kwa nini jina lake limeingizwa katika shauri lisilomhusu.